Kiota Mbele ya Kamera

Shangazi Rosalind,

Safu yako naisoma kila Ijumaa, na mara nyingi nawacheka wanaokuandikia, najisemea hawa watu hawana dada wala jirani mpaka mambo ya chumbani wakayaanike gazetini, basi leo nicheke na mimi maana zamu yangu imefika, maji yamenifika shingoni, na mficha uchi hazai, kwa hiyo nitasema yote hata yale yanayonichoma. Anwani yangu iko nyuma ya bahasha lakini nakusihi usiichapishe.

Nina miaka sitini na mmoja, naishi pembezoni kabisa mwa London, upande ule ambao ukimaliza mtaa wetu na ukapita uwanja wa kriketi umeshatoka London umeingia Kent, na kazi yangu asubuhi na alasiri ni kuvusha watoto mbele ya shule ya msingi, nimevaa koti refu la njano na nimeshika kile kibao cha duara chenye mti mrefu kilichoandikwa SIMAMA. Kwa sababu kibao chenyewe kimekaa kama pipi ya kijiti, watoto wananiita Mama Pipi, na jina hilo nimelizoea kuliko nililobatizwa. Nikikiinua, sheria inasema gari lolote lisimame, liwe la mkubwa au la mzoa taka, na kwa miaka yote niliyosimama pale yamesimama, mengine kwa kuguna na matusi ya kimyakimya nyuma ya kioo, lakini yamesimama.

Mume wangu nitamwita Vernon, si jina lake. Ni fundi wa makabati ya jikoni, mikono yake ina baraka, ukifungua droo aliyoitengeneza utadhani imepakwa siagi. Gari lake la kazi ni jeupe, la dizeli, limekula chumvi nyingi, asubuhi likiwashwa jirani anafunga dirisha kabla hata hajasalimia. Ndilo gari hasa walilolikusudia waliposogeza ile tozo ya moshi, anayolipa kila mwenye gari la zamani linalochafua hewa. Zamani tozo ilikuwa ya watu wa katikati ya jiji huko, tukiisikia redioni tunaona kama habari za nchi nyingine, wakaisogeza, wakaisogeza tena, mpaka siku moja tukaamka tukakuta kamera ya kusoma namba za magari imekaa juu ya nguzo mtaani kwetu, na tangu hapo Vernon akitaka kwenda kwa wateja wake Kent ni pauni kumi na mbili na nusu kila siku ya Mungu, utafikiri anapangishiwa barabara.

Nisijifanye mtakatifu, na mimi niliilaani. Kulikuwa na msaada wa kubadilishia gari bovu, nikamwambia tuombe, akasema hapokei sadaka ya mtu anayempa kwa mkono mmoja huku wa pili unamwibia mfukoni. Wenzake wa baa walikuwa wanazungumza habari za misumeno, na kweli kuna mitaa nguzo za kamera zilikatwa usiku zikaanguka kama miti, lakini Vernon si mtu wa fujo, yeye ni mtu wa vipimo. Mwezi wa pili alijifungia kwenye banda la nyuma akatengeneza kisanduku cha ndege cha kutagia, kizuri hasa, kina paa la mteremko na tundu la duara, akavaa kizibao cha kung'aa kama cha watu wa barabara, Jumapili mchana akaegemeza ngazi kwenye nguzo, majirani wanapita na mbwa wao wanamsalimia, akakifunga mbele ya jicho la kamera, akashuka, akaja kula.

Alijua anachofanya. Sisi Waingereza ukimtukana mtu mama yake mtapatana kesho, lakini kiota chenye mayai ukikigusa ni kesi. Wakaja wale ndege wadogo wenye kofia ya buluu na kifua cha njano, wakaingiza majani na manyoya, na hata maua ya mapema hayajakauka wakawa wameshataga. Wenye kamera walikuja na gari lao la ngazi, wakachungulia, wakapigiana simu, wakafunga ngazi wakaondoka. Baa nzima ilimnunulia bia, na mimi nilicheka, Shangazi, nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Kuna jambo moja hatukulifikiria. Barabara kuu zina kamera nzima, yetu ikawa ndiyo tundu kwenye ua, na habari ya tundu kwenye ua haina haja ya kutangazwa. Punde si punde kila gari chakavu la Kent linalotaka kuingia London bila kulipa likawa linapita kwetu, malori ya mchanga, wabeba vyuma chakavu, mabasi madogo ya wafanyakazi yanayokohoa kama wazee, yote kwenye mtaa mwembamba wenye magari yaliyoegeshwa pande zote mbili, na yote saa ya watoto kwenda shule. Walimu wakaanza kufunga madirisha ya upande wa barabara. Watoto wenye pumu wakawa wanafika kwangu wameshaanza kupumulia vile vikopo vyao vya dawa. Mimi nikirudi nyumbani nikipenga kamasi leso inatoka na weusi. Nilimwambia Vernon amewahamishia watoto wa shule moshi wa wilaya mbili, akanijibu ndege wakiruka atakitoa, halafu akaniambia siku hizi naongea kama tangazo la manispaa.

Sasa ndiyo nafika penyewe.

Ilikuwa Jumanne, manyunyu yanaanguka. Kuna mtoto anaitwa Tabitha, ana miaka saba, huwa wa kwanza kwenye foleni na hupenda kunishika koti kwa vidole viwili, sijui kwa nini viwili. Niliingia barabarani, nikainua kibao, lori la mchanga likasimama, nikageuka nikamwambia, "Haya mama, twende." Akashuka. Nyuma ya lori likachomoka gari jeupe, likalipita lori ubavuni, likapita mbele yangu na kibao changu kiko juu, kioo chake cha pembeni kikanasa mkoba wa Tabitha kikamrusha, akaangukia mkono wa kushoto, na mlio wa ule mkono niliusikia.

Namba za gari lile nilizisoma, Shangazi. Sikuhitaji hata kuzisoma. Niliona ngazi juu yake, nikaona kofia ya sufu niliyoifuma mwenyewe, nikamwona uso, na yeye akaniona, tukatazamana, akaenda.

Mama yake Tabitha alikuwa ng'ambo na mtoto mchanga kifuani, akaja mbio, akaniuliza mimi, si mwingine, "Umeona namba?" Kazi yangu ndiyo hiyo, dereva asiposimama mimi ndiye wa kumripoti, hata madereva wanaonitukana nyuma ya vioo vyao wanajua hivyo. Nikasema miwani yangu ilikuwa na ukungu. Dereva wa lori alikuwa anatazama simu yake, hakuona kitu. Askari mwanamke akaja shuleni alasiri, mpole, ananiita mama, nikamwambia vilevile, miwani, ukungu, mvua. Akasema inasikitisha, kwa sababu mtaa huu una kamera ya kusoma namba lakini mbele yake kuna kiota.

Jioni Vernon aliingia, nikamwekea chipsi na pai, nikakaa mbele yake.

Nikamuuliza, "Uliniona?"

Akasema, "Nilikuona. Ndiyo maana sikusimama. Nilijua ni wewe, nikajua utawazuia watoto."

Nikamwambia mtoto amevunjika mkono. Akaweka uma chini, akakaa vile mpaka chakula kikaganda, mwisho akaanza kulia, na mimi mwanamume huyo sijamwona akilia tangu azikwe mama yake. Alikuwa amechelewa kwa mteja, lori lilimkalia mbele njia nzima, akaona nafasi. Kisha akafuta uso akaniambia la leseni. Tayari ana alama tisa za adhabu kwa mwendo kasi, zikiongezwa tatu leseni imekwenda, na fundi wa makabati bila gari ni nani. "Nitabeba jiko la mtu kwenye basi, bibie? Nivumilie mpaka Krismasi tu, alama za zamani zitafutika, halafu mwenyewe nitakwenda kusema." Nilikwenda kuosha vyombo.

Tangu hapo mtaa umejaa karatasi za mama yake Tabitha kwenye nguzo, gari jeupe, yeyote aliyeona, tafadhali. Kwenye baa kuna mzee alisema kwa sauti kwamba kamera ingekuwa nzima huyo mshenzi angekuwa ndani, na watu wote wakatazama bia zao. Tabitha amerudi shule na plasta yake ngumu ya mkononi imeandikwa majina ya darasa zima. Lakini kuvuka hataki. Nikiinua kibao nikasema twende, wenzake wanakwenda, yeye anashika nguzo ya taa kwa mkono mzima, ananiangalia, na haniamini. Halii. Anasubiri mama yake amtoe kidole kimoja kimoja. Kila asubuhi, Shangazi, mbele ya macho yangu.

Nampenda mume wangu, tumezeeka pamoja, hakuna mtu atakayenifungia makabati ya moyo wangu kama yeye, usicheke. Lakini silali. Nimefika mahali nataka kutenda, sitaki kuliwazwa, niambie lipi: ninyamaze mpaka Krismasi kama alivyoomba, au niache kazi nisiuone tena uso wa yule mtoto, au niende nimtaje mume wangu kwa mdomo wangu, tuanguke sote. Na kile kisanduku nikipande nikibomoe mwenyewe? Kuna makinda ndani, nayasikia yakilia njaa.

Ni mimi,
Mama Pipi, mpakani na Kent

*

Shangazi Rosalind anajibu:

Mama Pipi,

Nilicheka ulipofika kwenye kizibao cha kung'aa, sitakuficha. Nilipofika kwa Tabitha niliweka kikombe chini.

Pole sana mwenzangu. Kumwona mtu unayemlalia kifuani akifanya jambo kama lile, tena mbele ya kibao chako, ni msiba, na msiba wa namna hiyo hauletewi maua wala keki. Umeubeba peke yako na umechoka. Hiyo ndiyo huruma yangu, nimekupa yote, sasa kaa sawa.

Barua yako umeipakia vitu vingi. Umeweka tozo juu, ndege katikati, baa, Krismasi, chipsi, na chini kabisa, kama mtu anayeficha chupa chini ya viazi, umemweka mtoto aliyevunjika mkono. Mimi nimelimwaga kapu lote mezani.

Tuanze na tozo kwa kuwa mumeo anaipenda kuliko inavyompenda yeye. Mimi mwenyewe sioni haki katika kumkamua fundi mwenye gari chakavu huku mwenye gari jipya la bei ya nyumba anapita anatabasamu. Wasomaji wangu wameniandikia magunia ya barua juu ya jambo hili, na wengi wana hoja. Vernon naye alikuwa na hoja. Angekwenda nayo kwa diwani, angesimama nayo mkutanoni, angekataa kumpigia kura aliyeileta, angechukua ule msaada wa gari akaendelea kugombana akiwa ndani ya gari safi, maana kupokea msaada hakumfungi mtu mdomo. Yeye hoja yake akaipigia misumari kwenye kisanduku. Na moshi aliokataa kuulipia haukupotea, aliupeleka kwenye vifua vya watoto unaowavusha wewe. Hilo uliliona, ukalisema mara moja, ukaitwa tangazo la manispaa, ukanyamaza. Hapo ndipo ulipoanza kunyamaza, si Jumanne ile.

Ile sentensi yake, "Nilijua ni wewe, nikajua utawazuia watoto," nimeisoma nikaamka nikatembea chumbani. Mumeo siku ile breki zake zilikuwa nzima. Tatizo ni kwamba amezoea kwamba breki yake ni wewe. Yeye akanyage mafuta, wewe uwazuie watu. Alifunga jicho la kamera, na siku tuliyolihitaji lile jicho halikuona. Limebaki jicho moja tu mtaani kwenu lililomwona, nalo ni lako, na sasa anakuomba hilo nalo ulifumbe mpaka Krismasi. Umwambie hapana. Umwambie hivyo hivyo, bila kuosha vyombo.

Usinielewe vibaya, simwoni ni mtu mbaya. Mtu mbaya haachi chakula chake kikaganda. Ni mtu mwoga aliyezoea kupendwa, na wanaume wa namna hiyo wamejaa, hata wangu alikuwa mmoja, Mungu amrehemu. Lakini mwoga akilindwa sana hugeuka kuwa mbaya, na wewe utakuwa umesaidia kumgeuza.

Sasa leseni. Itakwenda, huenda ikaenda, sitakudanganya. Mbele ya hakimu ana haki ya kueleza kazi yake na umri wake na kwamba alijileta mwenyewe, na kujileta mwenyewe kuna uzito wake. Hakimu ataamua, maana hiyo ndiyo kazi yake, na si kazi ya mwanamke aliyekaa jikoni na leso nyeusi. Fundi asiye na leseni humwajiri mtu wa kumwendesha, au hukubali kazi za karibu anazozifikia kwa miguu. Mtaa wenu pekee una majiko ya kutosha. Mtabana matumizi, mtagombana, mtaishi. Nimewaona watu wakiishi baada ya leseni. Baada ya uongo wa aina hii nimewaona wakila meza moja miaka ishirini bila kutazamana.

Na wewe je? Ulimdanganya askari, na hilo lina gharama. Wanaweza kukuvua koti la njano. Kama itakuwa hivyo, livue na ulikunje vizuri. Ila hilo wazo la kuacha kazi kimyakimya usilirudie tena kwangu. Ukiacha leo bila kusema, Tabitha atajifunza kwamba mtu mzima akikuangusha anatoweka. Akutane nawe kwanza ukiwa umesema kweli, halafu ndiyo uende au ubaki.

Ndege waache. Kisheria hawaguswi, na hata sheria isingekuwepo, makinda hayo hayakumgonga mtu. Yakisharuka, Vernon mwenyewe aegemeze ngazi, mchana, wale wale wenye mbwa wakiwa wanapita, akiondoe. Asimtume mtu, na asivae kizibao cha kuigiza safari hii. Wakati huo huo nenda kwa mwalimu mkuu na wazazi wawili watatu, ombeni manispaa ifunge mtaa huo kwa magari saa za kuingia na kutoka shule. Mitaa mingi imefungwa hivyo na mbingu haikuanguka. Wenye malori watatafuta tundu jingine, au watalipa kama wenzao.

Jinsi ya kufanya ni hivi. Usiku utakapoipata barua hii, mkalishe Vernon. Usipige kelele, usilie ukiweza. Mwambie kesho jioni unakwenda kwa mama yake Tabitha, na kutoka hapo unakwenda kituo cha polisi, na kwamba yeye anakaribishwa kutangulia mbele yako, kwenda pamoja nawe, au kubaki nyumbani na pai. Achague. Akikuambia humpendi, mjibu kwamba kama usingempenda ungekuwa umekwisha kumtaja ile Jumanne. Akianza habari za Krismasi, simama uvae viatu.

Ukifika mlangoni kwa mama huyo, usimpelekee kitu, nakuomba. Najua tabia yetu, tukimkosea mtu tunaoka keki. Nenda mikono mitupu. Sema jina la mumeo, sema uliona namba, sema kwamba ulimdanganya akikutazama usoni, kisha unyamaze umwachie nafasi ya kusema analotaka. Atakalokuambia ni haki yake. Usimweleze habari za alama tisa. Na kama Tabitha yupo, mwombe mama yake ruhusa, umwambie na yeye, kwa maneno ya mtoto wa miaka saba, kwamba ulimwambia twende na barabara ilikuwa haijawa salama, na kwamba kosa halikuwa lake.

Jibu hili nimelitia kwenye bahasha nikakutumia Jumatatu, utalipata Jumatano, kabla halijatoka gazetini Ijumaa. Nimebadili majina, lakini mwenzangu, kamera yenye kiota mbele yake iko moja tu upande huo wa London, na ulijua hivyo ulipokuwa unaniandikia. Nadhani ndiyo maana uliniandikia mimi na si dada yako.

Na kuna jambo jingine sikutaka kukuficha. Siku ile ile ilipoingia barua yako, iliingia na nyingine. Mwandishi wake hakutaja mtaa, alitaja mkono wa kushoto, plasta yenye majina, na mwanamke mmoja mwenye koti la njano ambaye, anasema, ndiye aliyemkumbatia mwanawe barabarani mpaka gari la wagonjwa likaja, na hajui amshukuru vipi. Habari za dereva wala hakuniuliza. Ameuliza swali moja: afanye nini ili binti yake amwamini tena mtu mzima anayemwambia twende. Nimekaa na swali hilo juma zima. Nimemwandikia mistari miwili tu, kwamba mimi dawa hiyo sina, ila avumilie, na Alhamisi jioni asitoke nyumbani, kwa sababu kuna mtu atabisha hodi.